Waliojibu Sawa

Barazani, mkabala na ofisi ya ardhi
4 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba. Salamu zako zimefika zikiwa nzima, hazikuvunjika njiani. Sisi huku hatujambo kwa kadiri ya umri. Goti la wifi yako bado linamsumbua, hasa asubuhi. Analiita mgeni wake, kwa kuwa lilikuja bila kuitwa na halisemi litaondoka lini. Mimi ni mgongo. Mtu aliyekaa kwenye kiti kimoja miaka ishirini na mbili akipiga taipu hapaswi kushangaa akianza kufanana na kiti.

Kazi imepungua. Ng'ambo ya barabara wamefungua duka la kompyuta, lina feni mbili na binti anayetabasamu. Mimi sina feni, na tabasamu langu unalijua. Wateja waliobaki ni wale wasioamini maandishi yasiyopigwa kwa kelele za mashine. Naona bado unaniita Nukta. Nimekubali. Mwanamume anayerudia ukurasa mzima kwa sababu ya nukta moja hana pa kukimbilia.

Unasema wewe na wenzako watatu mmeanzisha chama cha kuwauliza wasichana wanaopita stendi wanakwenda wapi na kwa nani. Nimecheka peke yangu mpaka mchonga mihuri jirani yangu akanitazama. Ulipokuwa na miaka saba ulianzisha chama cha kupinga maji baridi ya kuoga, kikavunjika siku ileile baba alipokohoa. Nakuombea hiki kidumu hadi kikohozi cha pili. Lakini angalia, madereva hawapendi kuulizwa maswali.

Umeuliza habari za Kasuku. Hajambo. Unamjua binti yangu, mdomo wake haujawahi kwenda likizo. Tangu amalize shule ana mambo mengi. Nitamwambia umemuulizia.

Jambo dogo tu: ukijibu, tumia sanduku la posta la hapa kazini. Lile la nyumbani kufuli lake linasumbua. Wifi yako anakusalimia sana, tena anakushukuru.

Nabaki kaka yako, kwa heshima isiyopungua hata herufi moja,
Nukta


Stoo ya mizigo, stendi ya mpakani
27 Februari

Kaka Nukta, shikamoo,

Mimi mzima. Stoo yangu imejaa hadi mlangoni, mabegi, magodoro, jana mtu kaacha mlango mzima wa mbao na fremu yake. Nikamwuliza, nyumba yenyewe inafuata? Hakucheka. Watu wa safari hawacheki.

Acha kunitania, nikueleze chama kilivyoanza. Mwezi wa kumi na moja msichana mmoja alikuja kuacha begi.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Ng'ambo, kwa shangazi."

"Shangazi gani huyo mwenye bahati?"

"Dada yake mama."

Nilicheka. Nikamwambia dada yake mama hawi shangazi hata akipakwa rangi, huyo ni mama mkubwa au mama mdogo. Shangazi ni dada yake baba. Msichana alinitazama kama mwanafunzi aliyesahau somo, halafu akageuka kumtazama bwana mmoja mwenye miwani aliyesimama kando ya basi. Bwana akatikisa kichwa. Msichana akachukua begi lake, akaondoka. Siku tatu baadaye akaja mwingine, shangazi huyohuyo, kosa hilohilo. Hapo sikucheka, Kaka. Nilielewa kwamba kuna mtu anawafundisha neno moja, na hajui maana yake vizuri.

Nikamwambia mama chai. Mama chai akamwambia karani wa tiketi, na karani akamleta mama yake, mkunga mstaafu asiyemwogopa mtu yeyote kwa kuwa nusu ya mji aliupokea yeye. Ndio sisi wanne. Mkunga ndiye aliyetunga swali. Basi la ng'ambo likiingia tunapita dirishani, tunamuuliza kila msichana anayesafirishwa: "Shangazi yako anamwitaje baba yako?" Mwenye shangazi wa kweli hafikirii. Anamwita Kibonge, anamwita Bwana Mdogo, anamwita jina la aibu la utotoni. Aliyefundishwa anabaki mdomo wazi. Huyo tunamshusha kistaarabu, mkunga anakaa naye, tunatafuta kwao. Tuna daftari. Anayeshindwa jibu tunamwandika, anayejibu sawa tunamtakia safari njema. Mpaka leo tumeandika kumi na tisa.

Sasa nijibu. Wifi ananishukuru kwa lipi? Sikumbuki kumpelekea hata pini. Na huyo Kasuku mwambie aniandikie mwenyewe, mistari miwili tu. Salamu zake kupitia kwako zimepoa kama chai iliyosahaulika.

Mdogo wako


Barazani
30 Machi

Mdogo wangu,

Nimechelewa. Ningesema ni posta, lakini mwaka huu posta nimeisingizia mengi, imechoka. Hatujambo. Shukrani za wifi yako zisikuhangaishe, yeye hushukuru hata mvua.

Swali lenu nililijaribu hapa barazani. Nilimwuliza mchonga mihuri ghafla, akiwa na patasi mkononi: "Shangazi yako anamwitaje baba yako?" Akajibu papo hapo, "Mwizi wa Sukari, na mpaka leo hana haya." Kwa hiyo linafanya kazi. Nimemvulia kofia mkunga wenu.

Nina maswali mawili matatu, udadisi tu wa mzee asiye na wateja. Mlianza kusimama kila siku lini hasa? Mwanzoni mwa Januari, tuseme tarehe kumi na moja, mlikuwepo? Basi la ng'ambo linaingia stendi saa ngapi, na linakaa dakika ngapi? Na msichana akijibu vizuri, mnamuuliza jambo lingine, au ndio basi?

Kasuku ana shughuli. Ataandika.

Nabaki kwa heshima,
Nukta


Stoo ya mizigo
17 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Barua yako niliisoma mara mbili nikaiweka chini ya rejista. Sikuelewa mzee mdadisi anataka tarehe za nini. Sasa naelewa, lakini nianze na habari za huku, kwa sababu mkono bado hautaki kufika kule.

Tumekuwa thelathini na mmoja. Wafagiaji wa stendi wameingia wote, na wauza matunda, na walimu wawili wa shule ya msingi wanaokuja zamu ya Jumamosi. Wiki iliyopita utingo wa basi la ng'ambo alimzaba mama chai kofi, birika likaanguka. Kesho yake hakuna mwanamke hata mmoja stendi nzima aliyewauzia abiria wa basi lile hata maji, siku nne mfululizo, mpaka dereva mwenyewe akamsukuma utingo aje kuomba radhi. Radhi ya mdomoni, lakini ilisikika. Mkuu wa kituo cha polisi alituambia sisi ni wanawake tusio na kazi. Mkunga akamjibu, "Kazi tunazo, mwanangu. Hii tuliyoiongeza ni ya kwako."

Sasa kule.

Karani wa tiketi alitufungulia droo ya kampuni ya basi. Kila msichana anayevuka mpaka huacha pale barua ya ridhaa ya mzazi. Tulitaka majina tu. Nikachukua ya kwanza, imepigwa taipu safi, inasema mwenye barua hii anakwenda kumtembelea shangazi yake, na chini imeandikwa: "Nabaki, kwa heshima isiyopungua hata herufi moja." Nikachukua ya pili. Ya tatu. Wenzangu waliniuliza kwa nini nimekaa chini. Zilikuwa hamsini na nane, Kaka. Nukta zote zipo mahali pake.

Ya tarehe kumi na moja Januari inasema msichana anakwenda kwa shangazi yake, mtunza mizigo wa stendi ya mpakani. Huyo ni mimi. Ndiye shangazi pekee wa kweli katika droo nzima. Na msichana ni Kasuku wetu.

Nilimfuata mama chai. Nikamwambia umri, sura, sauti.

"Yule wa kucheka?" akasema. "Namkumbuka. Kwanza aliuliza stoo ya mizigo iko wapi, nikamwonyesha, nikidhani ana mzigo. Akaenda, akarudi, akasema kumefungwa. Basi likapiga honi, akapanda. Nikamwuliza swali letu akiwa dirishani. Akasema, 'Anamwita Nukta! Akitaka kumuudhi anamwita Nukta Mbili!' Akacheka mpaka chai ikamwagikia gauni. Nikajua huyu ni wa kweli."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, dada? Alijibu sawa."

Daftarini hayumo. Waliojibu sawa hatukuwa tunawaandika.

Unajua nilikuwa wapi siku hiyo? Kwenye benchi la kituo cha polisi tangu asubuhi, nikisubiri kupewa ruhusa ya kusimama stendi.

Niandikie. Usinitanie.


Barazani
6 Mei

Mdogo wangu,

Barua hii nimeianza mara tano. Wifi yako yuko na mgeni wake wa gotini. Basi, salamu zimekwisha.

Kuna mwanamke hapa mjini tunamwita Mama Safari. Alianza kuja barazani mwaka juzi, mpole, anavaa vizuri, anasubiri zamu yake. Alitaka barua za ridhaa kwa wasichana wanaokwenda kazini ng'ambo. Wazazi wengine hawajui kuandika, akasema, nawasaidia. Nikamwuliza niandike wanakwenda kwa nani. "Andika kwa shangazi tu," akasema. "Neno hilo halina maswali." Na akaniambia barua zangu zinaandikwa vizuri hadi polisi anasimama wima kuzisoma. Mdogo wangu, wewe unanijua. Ningeweza kuuliza mambo mengi, lakini nilikuwa nimesifiwa.

Kasuku alikuwa akija kunicheka kila siku. "Baba, hii mashine ukiifia utazikwa nayo?" Alitaka kazi ya mapokezi hotelini, kukaa nyuma ya meza ndefu akiongea na watu mchana kutwa akilipwa kwa hilo. Mama Safari akasema ipo, ng'ambo. Nikasita. Akasema, si una dada yako pale mpakani? Atashuka kwake siku mbili, dada yako amtazame, ndipo avuke. Hapo moyo wangu ukatulia. Nilifurahi hata kwamba barua hii moja haitakuwa na uongo. Niliipiga mwenyewe. Kasuku alisoma juu ya bega langu akaniambia nimeruka herufi kwenye neno "mpakani", nikarudia ukurasa.

Nikasubiri barua yako ya kusema amefika. Ikaja barua yako ya kuuliza, "Kasuku hajambo?" Niliisoma nikiwa na mkate mdomoni, sikuumeza wala sikuutema. Nikakujibu hajambo.

Wifi yako anaamini mpaka leo kwamba mtoto yuko kwako. Ndiyo maana anakushukuru. Ndiyo maana ya kufuli.

Bado hujasikia lililo baya. Nilimwendea Mama Safari. Hakunifukuza, alinipa kiti. Akasema wasichana wakifika hukaa muda bila kuandika, nisiwe na haraka, atanipatia habari. Halafu akafungua mkoba akatoa majina mengine matatu. Nikayapiga. Niliogopa nikikataa habari za Kasuku zitakatika. Tangu Februari nimempigia barua kumi na moja, na kila moja nikiitoa kwenye mashine nilimwuliza, "Habari?" naye akasema, "Wiki ijayo, mzee."

Sina neno la kufungia.


Stoo ya mizigo
21 Mei

Kaka,

Kumi na moja. Wakati mimi nawashusha dirishani, wewe unawapakia upande wa pili. Nilitaka kukuandikia tusi, nikakosa linalokutosha, na mkunga akaniambia nihifadhi wino.

Sikiliza. Wewe hutupi karatasi. Ulipooa ulikuwa na stakabadhi ya viatu vyako vya shule. Najua kila barua unayopiga unaweka kaboni, na nakala iko kwenye faili, imetobolewa, imefungwa kamba. Katika nakala hizo kuna jina la kila msichana, la baba yake na mtaa wake. Sisi huku tuna droo ya kampuni moja tu. Wanaopita njia nyingine hatuwajui.

Tunataka faili lote. Na tunataka ulipeleke polisi wewe mwenyewe, useme nani alikuletea kazi na nani aliipiga. Wanawake wanane watakuja huko Jumatatu ya pili ya Juni. Hawajui wewe ni kaka yangu. Niwaambie mimi au utawaambia wewe?

Na wifi. Ameniandikia mwenyewe, barua imekuja kwa mkono wa abiria. Anauliza kama Kasuku anakula vizuri. Anasema nimwache acheke, asimkataze, ndivyo alivyo. Barua hiyo iko mbele yangu. Sitaijibu kwa uongo. Nakupa mpaka Jumatatu hiyo hiyo, baada ya hapo nitamjibu mimi.

Usiniulize kama nimekusamehe. Mimi mwenyewe nilifunga stoo siku ile.


Barazani
19 Juni

Mdogo wangu,

Nilimwambia Jumapili mchana. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Nilisema yote, nikiwa nimesimama kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja: "Nilipokuwa nakuambia mwandikie wifi nimshukuru, ulikuwa unaandika nini?" Nikasema nilikuwa naandika anakushukuru. Akarudi kwenye ungo, akachambua mchele mpaka punje ya mwisho, akauweka kando, akaenda chumbani. Tangu siku hiyo hajanisemesha. Chakula ananiandalia. Ningependa asiniandalie.

Wanawake wako walifika Jumatatu. Nilitangulia kusema kabla hawajakaa: mimi ni kaka yake, na mimi ndiye niliyepiga. Mmoja mfupi, mwenye kovu shavuni, alinitazama kuanzia viatuni hadi kichwani akasema, "Tulidhani utakuwa mkubwa zaidi." Nilikubaliana naye.

Polisi walituweka kwa muda wa saa tatu. Afisa alifungua faili, akafunga, akafungua. "Mzee, wewe ni shahidi au mshtakiwa?" Nikamwambia aandike vyote viwili. Alitaka kulichukua faili akaliweke kabatini, wanawake wakakataa, wakakaa sakafuni, wote wanane, mmoja akatoa sweta akaanza kufuma. Tukanakili majina yote pale pale. Sabini na nne. Halafu wakagawana mitaa, wakaenda mlango kwa mlango. Nilitembea nyuma yao, kwa sababu walisema wazazi wana haki ya kuniona.

Sasa akina mama wanakuja barazani. Hawaji na kazi. Wanakaa tu kwenye benchi la wateja. Wa kwanza aliniambia, "Soma ya mwanangu." Nikasoma. Nilipofika kwenye ile heshima isiyopungua, akasema, "Hapo tena." Nikasoma hapo tena. Wanaitisha mkutano kila Alhamisi, hapa hapa mbele ya mashine yangu. Mkutano wa kwanza walikuja watano, wiki hii arobaini. Mchonga mihuri amewachongea muhuri bila kuombwa.

Mama Safari alikamatwa, akatoka siku ya nne. Wakili wake alisema kuwasaidia wasichana wakawasalimie shangazi zao hakujawahi kuwa kosa.

Kuhusu Kasuku, Mama Safari hakusema lolote. Nilimsubiri nje ya kituo nikamwuliza tena. Safari hii hata "wiki ijayo" hakuniambia.

Kaka yako


Stoo ya mizigo
24 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Wifi yuko kwangu. Ulirudi ukakuta nyumba imefagiwa na funguo mezani, najua, ameniambia. Usimfuate. Goti lake halijambo kuliko nilivyotarajia, anasimama kuliko sisi. Hakuuliza tunafanyaje kazi, alichukua daftari mkononi mwa mwalimu akaanza. Sasa tunaandika wote, wanaokosea na wanaojibu sawa, na nguo walizovaa, na kiti walichokaa. Wifi swali haulizi. Anamtazama kila msichana usoni kwanza, kwa muda mrefu hadi wengine wanaona haya, ndipo anaandika. Jana alifika mia mbili na kumi.

Stendi nne sasa zina watu wetu, na ng'ambo wapo wanawake wa soko moja wanaotusikiliza. Majina yako sabini na nne yamevuka yakiwa yameshonwa ndani ya pindo la gauni. Wiki mbili zilizopita wanawake wale wa soko walizingira nyumba moja wakapiga masufuria mpaka mlango ukafunguliwa. Wametoka wasichana watatu. Wamerudi. Mmoja wao bado hakai kwenye chumba chenye mlango uliofungwa, mkunga analala naye nje, barazani kwake.

Nimekaa nao. Mmoja alimjua Kasuku. Walikuwa pamoja siku tisa. Hakuna hoteli. Walifua na kupika nyumba za watu, hati zao za kusafiria zilichukuliwa siku ya kwanza, na hawakutoka nje ila kwa zamu, wakifunguliwa na kufungiwa tena. Kasuku alikuwa akiidai hati yake kwa kila aliyepita mlangoni, hata kwa muuza maziwa. Mwenye nyumba akasema huyu ana mdomo, atatuletea watu. Siku ya kumi wakampeleka mji mwingine. Msichana hajui upi. Anasema gari lilikuwa jeupe na Kasuku alikuwa bado anaongea lilipoondoka, hawakusikia anasema nini.

Wifi alikuwepo nilipokuwa nauliza. Aliomba aelezwe mara moja tu.

Wanawake wa ng'ambo wanasema ili wamtafute rasmi inahitajika fomu ya mtu aliyepotea, ijazwe na baba kwenye kituo cha polisi cha huko kwenu. Jaza. Niletee nakala.


Barazani
15 Septemba

Mdogo wangu,

Nakala hii hapa. Nimeipiga taipu, afisa alitaka kujaza kwa kalamu, nikamwomba aniachie kazi yangu.

Jina nimejaza, umri, urefu kwa kukisia. Rangi ya nguo wifi yako anaijua kuliko mimi, nimeandika gauni, na kwamba lina doa la chai, kwa kuwa hilo ulinieleza wewe. Halafu pana mstari unaosema, "Alama za mwilini." Najua ana kovu kwenye kiwiko. Nimekaa mbele ya mashine saa nzima. Mimi niliyewajazia watu wa mji huu fomu zao zote, za viwanja, za mirathi, za ndoa, sijui kovu la mwanangu liko mkono gani. Nimemwona akiinua mikono yote miwili akicheka, lakini kila nikimtazama kichwani kiwiko kinageuka.

Nimeacha pengo. Niulizie kwa wifi yako, ni la kushoto au la kulia? Usiseme ni mimi niliyeuliza. Au sema. Sijui lipi linafaa.

Chini ya hapo, "Maelezo mengine," nimeandika: "Alikuwa mwongeaji sana, mwenye kucheka." Afisa alisema hiyo si alama. Nikamwambia huyu bila hiyo hamtamtambua. Akaiacha.

Wiki iliyopita Mama Safari alipita barazani, amevaa vizuri, akanisalimu. Akina mama waliokuwa kwenye benchi walisimama wote, wakamfuata. Wanamfuata kila aendako, kwa zamu, hatua tatu nyuma yake, sokoni, saluni, hadi mlangoni kwake. Hajafungwa. Lakini hakuna msichana anayeweza kumkaribia bila kukutana na mama wa mwingine.

Nyumbani najipikia. Ungeonja ungecheka, na ungekuwa na haki.

Kaka yako


Stoo ya mizigo
2 Oktoba

Kaka,

Kiwiko cha kulia. Alianguka kwenye ngazi za posta akiwa na miaka mitano, wewe ukiwa umemshika mkono wa kushoto.

Wifi ameisoma fomu yako amesimama, daftari kwapani. Ameniambia nikuandikie neno kwa neno, kwa hiyo yanayofuata si yangu:

"Mwambie pale alipopiga 'alikuwa mwongeaji', apige 'ni mwongeaji'. Asifute kwa wino. Ukurasa mzima aupige upya."

Nimemwuliza kama kuna kingine. Honi ilikuwa imeshalia. Basi la ng'ambo linaingia, naye ametangulia.